Meno ya Chini

Jino la mbele lilianza kuniuma nikiwa nafundisha watoto wa chekechea kuhesabu vidole. Nilishika shavu, nikameza mate, nikaendelea na kidole cha sita. Mwalimu aliyeajiriwa na wazazi hana siku ya kuugua. Wenzangu walioajiriwa na serikali wana bima inayowatibu kuanzia kichwa hadi ukucha, meno yakiwemo. Sisi wa kuandikwa na bodi ya shule tunapewa pole. Tunakaa katika chumba kimoja cha walimu na kunywa chai ya birika moja, lakini siku jino likiuma ndipo unajua nani ni nani.

Nilifanya yote ambayo mtu asiye na bima hufanya. Niliweka karafuu, nikasukutua maji ya chumvi, nikameza dawa za maumivu za dukani hadi tumbo likaanza kulalamika pia. Jirani mmoja akaniambia niweke tumbaku. Niliweka, nikatapika, na jino likauma palepale lilipokuwa. Mama yangu, ambaye naishi naye, alinichimbia mizizi kule mtoni akanichemshia dawa chungu ambayo hata ng'ombe angeikataa. Nilikunywa kwa sababu yeye ndiye aliyeichemsha.

Uso ulipovimba nikaenda Kericho mjini kwa daktari wa meno wa kujitegemea. Alinigonga meno kwa chuma chake, akasema mawili ya juu yameoza mizizi lakini bado yanaweza kuokolewa: atasafisha mizizi, azibe, kisha ayavalishe kofia. Nikamuuliza bei. Alipoitaja nilicheka, naye akacheka pamoja nami, akidhani nimefurahi.

Majani ya chai ya shamba letu nachuma mimi. Asubuhi kabla ya shule nachuma, Jumamosi nachuma, mvua ikinyesha navaa nailoni nachuma. Lakini tangu baba afariki, namba ya mkulima kule kiwanda cha chai ni ya ndugu yangu, kitinda mimba wetu, anayefanya kazi mjini. Malipo yanaingia kwake, na bonasi ya mwaka inaingia kwake. Huku kwetu kila shida ina dawa moja: ngoja bonasi. Paa linavuja, ngoja bonasi. Karo, ngoja bonasi. Nikampigia simu nikamwambia kuhusu meno.

"Siz, vumilia tu kidogo," akaniambia. "Bonasi ikitoka, hiyo maneno tunamaliza."

Nikavumilia. Bonasi ilipotoka, ndugu yangu alikuwa amepata mchumba, binti wa familia ya Wakikuyu wenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, na wakwe walikuwa wanakuja kuona kwetu. Bonasi ikawa saruji ya sebule, rangi ya ukutani na viti vya kitambaa. Sikumlaumu sana. Kijana akioa, nyumba nzima inaoa. Ila usaha haungoji harusi, na mwishowe nilijipeleka hospitali ya kaunti kule Longisa, wakang'oa yote mawili. Kung'oa ndiko nilikoweza kulipia.

Nitasema ukweli, siku ile nilisikia raha. Maumivu ya miezi yalikwisha kwa mara moja na nikalala kama mtoto mchanga. Raha hiyo ilidumu mpaka nilipojitazama kwenye kioo.

Mama aliponiona alicheka. Yeye mwenyewe ana pengo, lakini lake ni la chini, na halikuletwa na ugonjwa. Wanawake na wanaume wa rika lake wote wanalo. Enzi zao, mtoto wa Kipsigis akifika umri fulani alikuwa anang'olewa meno mawili ya mbele ya chini kwa chuma chembamba. Ukikosa pengo hilo ulionekana kama mgeni asiyejulikana anakotoka. Wazee walisema lilisaidia pia: mtu akishikwa na pepopunda na taya likijifunga, anaweza kunyweshwa maziwa kupitia hapo. Tulipokuwa wadogo tulimwonea wivu, maana mama aliweza kuita ng'ombe kwa mluzi mmoja kupitia pengo lile, na ng'ombe wakainua vichwa toka upande wa pili wa bonde.

"Sasa tumekuwa wawili," akaniambia kwa Kipsigis, akinipangusa damu kwenye kidevu. "Lakini wewe wamekosea. Wamekutoa ya juu."

Nilicheka naye. Shuleni hakukuwa na kicheko. Mtoto wa chekechea husoma kwa kutazama mdomo wa mwalimu wake, na mdomo wangu sasa ulikuwa unatoa upepo. Nikitamka neno lenye herufi ya s, mluzi unatoka. Watoto, kwa utiifu wao, wakanifuata. Wiki chache tu zikapita, na darasa zima likawa linasoma kwa mluzi, na wakirudi nyumbani wanawapigia wazazi wao mluzi huohuo. Wengine walidhani ni mchezo. Wengine walikwenda kwa mwalimu mkuu.

"Madam, mimi sina shida na wewe," mwalimu mkuu akaniambia, akiangalia dirishani. "Lakini wazazi ndio wanalipa, na wameanza kuongea. Hii holidei jaribu utafute meno. Term ikifunguliwa ukiwa na meno, darasa ni yako. Ukikosa, sijui nitawaambia nini."

Darasa lile lilikuwa langu tangu ukuta wake ukiwa wa udongo. Sina cheti kikubwa, na najua hakuna shule nyingine itakayoniajiri na umri huu. Kwa hiyo watu wakisema meno ni urembo, mimi naomba waje tubadilishane midomo kwa muhula mmoja.

Ndipo kanisani pakatangazwa kwamba madaktari wa meno wanakuja kutoka Nairobi, kutibu bure uwanjani kwa kanisa moja kule Mogogosiek. Watang'oa, watasafisha, na wale wasio na meno ya mbele watapimwa na kutengenezewa ya bandia, ambayo yataletwa baada ya wiki kadhaa. Pia kutakuwa na hema la presha na hema la macho kwa wazee. Mwenyekiti wa akina mama alipotangaza hilo alinitazama mimi moja kwa moja, na kanisa lote likageuka. Sikuona aibu. Nilishukuru kwa sauti. "Kongoi," nikasema, na mluzi haukutoka, kwa kuwa neno hilo halina s.

Siku yenyewe tulitoka mapema, mimi na mama. Yeye alikuwa anafuata presha na macho. Tulipita katikati ya mashamba ya chai, umande ukitulowesha magoti, na njiani aliniombea kwa sauti. Aliomba hivi, nakumbuka vizuri: Mungu, mpe mtoto wangu meno, asipoteze kazi yake. Nikaitikia amina.

Tulikuta mstari umeshazunguka kanisa. Wazee walikuwa wanapitishwa mbele, ndivyo adabu yetu ilivyo, hakuna anayelalamika. Nikamshika mama mkono nikampeleka hadi mwanzo wa mstari, nikamkabidhi kwa msichana aliyekuwa akiwapokea wazee, nikarudi nyuma kwenye nafasi yangu. Baadaye ndipo nilipokuja kujua kwamba wazee walikuwa wanapitishwa mahema yote, moja baada ya jingine: presha, macho, na meno.

Nilisimama hadi jua likawa utosini. Tulipiga hadithi na mwanamke aliyekuwa mbele yangu, mimi nimeziba mdomo kwa leso kama nilivyokuwa nimezoea. Zamu yangu ilipofika, niliketi mbele ya daktari kijana aliyekuwa amechoka hadi macho yamekuwa mekundu. Hakuwa mtu wa huku, Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno. Alinitazama mdomoni kwa tochi, akasikitika.

"Pole sana, mama," akasema. "Wewe ungefaa kabisa. Ufizi wako umepona vizuri. Lakini vifaa vya meno bandia vilikuwa vya watu wachache, na nafasi ya mwisho nimempa mama mmoja mzee muda mfupi uliopita. Naye alikuwa na pengo baya, meno mawili hayapo kabisa, na hakuweza hata kunieleza yalivyotoka."

Nilimuuliza kama watakuja tena. Akasema watarudi kuleta hayo ya watu waliopimwa, lakini kupima tena hajui. Nikainuka. Na kwa kuwa nimelelewa kanisani, nikamwambia, "Basi Mungu ambariki huyo mama, kama shida yake imezidi yangu." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huuhuu.

Mama nilimkuta ameketi kwenye jiwe karibu na lango, amejifunika shuka. Pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na kitu cha rangi ya waridi kilichokauka. Nikadhani wazee wamegawiwa maziwa ya kuganda ya dukani, yale yenye rangi. Nikalowesha ncha ya leso yangu kwa mate nikampangusa. Akanyoosha kidevu, kama mtoto anayeoshwa uso.

"Umepata?" akaniuliza.

"Zimekwisha."

"Pole, mtoto wangu. Mungu ana njia zake."

Nililia njia nzima. Yeye alinibebea mkoba na kunishika mkono mahali penye utelezi.

Shule zilipofunguliwa nilikwenda, nikakuta msichana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia amesimama mbele ya watoto wangu, meno yamejaa kinywani kama mahindi kwenye gunzi. Mwalimu mkuu akaniambia ninaweza kupika uji wa shule ikiwa nitapenda. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na kwa mara ya kwanza nikafurahi kwamba mluzi ulinisaidia kuyatoa. Nikarudi nyumbani, nikachukua kikapu, nikaingia kwenye majani. Tangu hapo mimi ni mchuma chai tu.

Katika siku hizo, Jumamosi moja mama alivaa vizuri akasema anaenda mkutano wa akina mama. Alirudi kimya. Akaanza kupenda kula jikoni kwake, mlango umerudishwa, na alikuwa anatafuna polepole sana. Nikajisemea, uzee umemfikia. Nikawa namlainishia mboga.

Kisha wakwe wakaja kuona kwetu. Mama alikuwa amewangojea kwa hofu wiki nzima. Watu wa mjini, wenye biashara, wakisema kitu kidogo wanachanganya Kiswahili na Kiingereza na Kikuyu chao, naye mwanamke wa kuchuma chai. Walijaa sebuleni kwenye vile viti vya bonasi. Mimi nilikuwa nazunguka na chupa ya chai, kisha na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuganda, ambayo mama mkwe aliyaonja kwa uangalifu mkubwa, akasema yana ladha ya moshi.

"Ukizoea hii," mama akamwambia, "ile maziwa ya paketi utapea mbwa."

Wageni wakaangua kicheko, na mama naye akacheka. Sasa, mama yangu akicheka mbele ya wageni hufunika mdomo kwa shuka. Amefanya hivyo maisha yake yote, nami nilidhani kuwa ni adabu. Siku ile hakufunika. Alirudisha kichwa nyuma akacheka mdomo wazi, na pale chini, mahali pa mluzi wa ng'ombe, palikuwa na meno mawili meupe kuliko yote aliyonayo.

Nilisimama na kibuyu mkononi. Dada yake baba, shangazi yetu, mwenye pengo lake la kimila kama kawaida, aliacha kutafuna. Ndugu yangu alitabasamu akitazama sakafu, na hapo nikafahamu kwamba alijua.

"Haki mama, uko na meno poa," mama mkwe akasema. "Mimi zangu ziliisha kitambo."

"Ni Mungu tu," mama akajibu.

Ni Mungu tu! Niliweka kibuyu chini. Yote yakanijia pamoja: kile cha waridi mdomoni, kumbe kilikuwa cha kupimia meno, mkutano wa akina mama ambao haukuwa mkutano, kutafuna polepole, yule mama mzee ambaye nilimwombea baraka. Daktari mgeni alikuwa ameona pengo la mila akadhani ni balaa, na mama hakumsahihisha. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu kilinizaa. Walipotupanga nje kupiga picha, mpiga picha akaniambia, "Auntie, smile kidogo." Nilifunga midomo ikauma. Picha hiyo iko ukutani, mama anang'aa katikati, na mimi pembeni kama mtu aliyekuja kudai deni.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata jikoni kwake. Meno yalikuwa kwenye kikombe cha maji, mawili na ufizi wake wa plastiki, na yeye alikuwa anapuliza moto.

"Jino la pembe si dawa ya pengo, mama," nikamwambia. Nilitaka limchome.

Hakukasirika. Alikaa kwenye kigoda chake, akazungumza akitazama moto. Akaniambia kwamba alipong'olewa meno yale alikuwa mtoto mdogo, na alikuwa amekataa. Alikimbilia kwenye mahindi, wakamtoa huko wakiwa wanacheka. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa. Baadaye wakaja watu wa misheni wakafungua shule, na walimu wakawa wanawaambia watoto wenye mapengo kwamba ni washenzi, wakae nyuma. Alikaa nyuma. Kisha akaacha. Alisema yale meno walimng'oa ili awe mtu, na kabla hajafurahia kuwa mtu, dunia ikageuka ikamwambia mtu ni mwenye meno.

"Yule kijana aliniuliza, mama, nani alikufanyia hivi?" akasema. "Tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza hilo. Hata wewe hukuniuliza."

Ni kweli sikuwahi kumuuliza. Nilipenda mluzi tu. Nilikaa chini kwenye gunia la magunzi, na hasira yangu, ambayo nilikuwa nimeibeba usiku kucha ikiwa nzima, ikaanza kulegea. Nilimwona yule msichana ndani ya mahindi. Nikafikiri, basi, mzee amepata kitu kimoja alichokitaka, na kama ilitokea tu kwamba walimpa yeye kabla yangu, nitafanyaje. Nilikuwa karibu kumwambia yaishe. Nilichotaka ni kusikia jambo moja dogo kwanza, nipate kulala.

"Hukujua kwamba ilikuwa ya mwisho," nikasema. "Ungejua, ungeniita."

Mama yangu ana tabia moja ambayo wengi humsifu nayo: hawezi kudanganya mtu wa nyumbani akiulizwa uso kwa uso. Akasogeza kuni.

"Nilijua," akasema. "Aliniambia hii ni ya mwisho. Akaniuliza kama nimekuja na mtu wangu ambaye ana shida zaidi, amwite. Nikaangalia nje, mlango wa hema ulikuwa wazi. Nikakuona kwenye mstari, umeshika leso mdomoni, unaongea na mwanamke fulani."

"Ukamwambia nini?"

Alinijibu kwa Kiswahili, kwa maneno yaleyale aliyomwambia daktari, kwa lafudhi yake ileile.

"Nilimwambia, hapana, taktari. Mimi niko peke yangu."

Tulikuwa watoto wanane katika boma hili. Wote waliondoka, mmoja mmoja, wakaoa na wakaolewa. Mimi nilitakwa mara mbili na nikakataa mara mbili, na mpaka leo hakuna aliyenisikia nikisema sababu. Sababu ilikuwa mama. Niliogopa atabaki peke yake.